Mkono wa Kulia

Mto wetu wa Nyakatuntu, kabla ya kuingia mafunjoni na kumezwa na Kagera, uligawanyika mikono miwili. Wa kushoto ndimo tulimochota maji. Wa kulia ulikuwa kijito cha kufika magotini, na juu ya ukingo wake nilimzika mume wangu Zubeiri, mwaka uliofuata Wadachi kujenga boma Bukoba.

Shemeji yangu Saleh, mdogo wa marehemu, alitaka mitumbwi yake ya kubebea buni za kahawa ipite kulia, njia fupi. Akaleta watu na majembe. Wakang'oa mawe yaliyokuwa yakizuia maji penye panda ya mto, wakazoa mchanga chini yake.

"Shemeji," nikamwambia, "mto ukishaukata chini, utaendelea kujikata wenyewe. Na kaburi la kaka yako liko pale."

Akacheka. "Asia, wewe umezaliwa migombani, mimi Pangani. Mchanga ukiuchota leo, keshokutwa umerudi."

"Kwenu pwani unarudishwa na bahari ikijaa. Hapa utarudishwa na nani?"

"Na Mungu, mama mchaji!" Watu wake wakaangua kicheko.

Masika ilipoanza, maji yakaenda mbio kulia. Yakala sakafu ya mto hadi kimo cha mtu, yakavuta na ya kushoto pia. Kushoto kukabaki matope, kisha nyufa. Ukingo wa kulia, uliochimbwa chini, ukawa unameguka. Nilipima kwa miguu kutoka ukingoni: hatua kumi na mbili hadi kaburini. Ijumaa iliyofuata, saba. Kisha tatu.

Nikamwendea Saleh dukani kwake.

"Nipe watu wanne nimhamishe."

"Wanapakia mitumbwi. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu hatakuwepo."

"Amekufa, shemeji. Hana haraka."

Jumapili nikachukua jembe, nikachimba peke yangu, nikisoma Yasini. Nilikuwa nimegusa kiunza, ubao uliomfunika, pindo la sanda nimeliona, ardhi ikaniondokea mbele. Nikabaki nimeshika mpini.

Mtumbwi wa Saleh ulikuwa unapita chini. Akaitazama sanda ikizunguka majini, akaijua.

"Kaka hupenda kutangulia," akasema. Kisha akawakaripia wapiga kasia: "Mnasimama nini? Pigeni!"

Adhuhuri ikaingia. Kushoto hakukuwa na tone. Nikateremka kulia, nikakinga viganja kwenye maji mekundu kwa udongo wa kaburi lake, nikatawadha.