Kovu Bichi

Geum-ran alikuwa mpishi wa shule mjini Daegu, fundi wa kukaanga kuku. Siku karai la mafuta lilipopinduka, mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Mguu wa jiko alilokaangia ulikuwa umelegea tangu baridi ilipoisha, naye alimwambia msimamizi wake, Bi Pyo, mara si haba. "Liwekee tofali," Bi Pyo alimjibu.

Jeraha lilifunga. Likabaki kovu jekundu, gumu, linalowasha kama lililopakwa upupu.

Bi Pyo alikwenda kumtazama nyumbani, akaugeuzageuza ule mkono kama anayechagua figili sokoni.

"Mbona umepona, dada? Rudi kazini. Wenzako wanakubebea mzigo."

"Vidole havikunjiki. Na linawasha, Bi Pyo. Silali."

"Nani asiyewashwa na kitu hapa duniani?"

Mume wa Geum-ran, Chang-sik, naye alichoka kusikia. Siku moja wakila na dada zake alisema, "Wifi yenu kapata ajira mpya: kujikuna!" Mawifi wakacheka mpaka wakapaliwa na supu. Geum-ran aliimeza hasira yake pamoja na wali.

Daktari wa kwanza alitaka kukata kipande cha kovu akakipime. Geum-ran akakataa katakata. Alipotobolewa sikio usichanani, tundu lilivimba likawa donge kama njugu. Ngozi yake ikijeruhiwa haijui kukoma kuvimba. Bi Pyo alipopata habari, akatangaza jikoni, "Anayekataa kupimwa ana lake jambo."

Baadaye muuguzi mmoja akamweleza kwamba iko hospitali inayopima makovu kwa mwanga, bila wembe wala sindano. Chang-sik akampeleka, njia nzima akinung'unika.

Daktari Seo, mama mwenye sauti ya chini, aliweka kichwa cha mashine juu ya mkono wa kushoto kwanza. Hakikuchoma wala kufinya. Kwenye kioo cha mashine ikatokea picha ya ngozi, kama iliyopasuliwa bila kisu, tabaka juu ya tabaka, imetulia. Kisha akahamia kwenye kovu. Tabaka hazikuonekana tena. Palikuwa na kitu kizito kilichosongamana, na mishipa myekundu imejazana kama mizizi ndani ya chungu kidogo.

"Kwa juu limefunga," daktari alisema, "lakini ndani bado bichi. Damu inakimbia humu kupita kiasi. Ningeshangaa kama lisingewasha."

Chang-sik alikodoa macho. "Kumbe ulikuwa unaumwa kweli, mke wangu!"

"Kumbe?"

Geum-ran alisimama.

"Kumbe, Chang-sik? Nimelala ubavuni mwako nikilia, mdomo huu ukakwambia, hukusikia. Leo kioo kimekwambia mara moja tu, umeamini! Mimi ni nani kwako, na hicho kioo ni nani?"

"Taratibu basi, tuko mbele ya daktari."

"Na ulipokuwa unanicheka, tulikuwa mbele ya nani?"

Daktari alimpa picha ya kovu kwenye karatasi. Geum-ran akaikunja, akatia mfukoni, akatoka na kupanda basi peke yake hadi shuleni.

Wapishi walikuwa katika pilikapilika za chakula cha mchana. Jiko lilikuwa palepale, juu ya tofali lilelile, na mama mgeni anakaangia hapo. Geum-ran akazima gesi.

"We mwanamke, una wazimu?" Bi Pyo alifoka.

"Jiko hili halipiki tena. Mguu wake umelegea, nilikwambia. Leo nasema mbele ya wote."

Picha hakuitoa. Alitaka waamini maneno yake. Yule mama mgeni alilitazama tofali, akavua aproni. Wengine nao wakaweka chini miiko, mmoja mmoja. Mwalimu mkuu alipofika watoto walikuwa wanagonga trei kwa njaa. Jiko likatolewa nje siku hiyohiyo.

Matibabu yalianza, vidole vikaanza kukunjika kidogo kidogo. Chang-sik aliwaita dada zake kwa chakula, akaomba radhi mbele yao huku ameinamisha kichwa.

"Nimesikia," Geum-ran alisema, akavuta bakuli lake la supu. Kwamba amesamehe, hakusema.