Fuvu na Mwerebi

"Mama, fuvu lenye mabawa halina soko tena, umebaki nalo peke yako," Barzillai mchonga mawe ya makaburi aliniambia, akipuliza vumbi kwenye bamba jeusi. "Siku hizi wanataka mti wa mwerebi, matawi yameinama. Kama bibi anayefua nguo mtoni!"

Sikucheka. Bamba lile lilikuwa la mjukuu wangu Electa, aliyechukuliwa na homa ya koo akiwa bado hajui kufunga viatu vyake, nami nilikwenda kuona beti za nani zinachongwa.

Tangu nifiwe na mume, beti za makaburini kijijini kwetu zilikuwa zangu. Shule niliionja tu, lakini Maandiko ninayo kichwani, na mfiwa alipobisha hodi nilimpa mistari minne ya kumkumbusha mpita njia hukumu.

Kisha Lovina, dada wa mkamwana wangu Roxana, akarudi kutoka Boston. Huko alihudhuria mihadhara ya watu wapya, waliofundisha kwamba Mungu husema msituni na moyoni mwa kila mtu, bila kupitia kwa mchungaji. Akaanza kutunga. Mawingu, kunguru, moyo wake mwenyewe! Haukupita mwaka, wafiwa wakawa wanaupita mlango wangu kwenda kwake. Niliwatazama dirishani huku nikifuma soksi.

Hao niliwavumilia. Lakini Alpheus, mwanangu wa kumzaa, naye aende kwa Lovina kutafuta beti za binti yake Electa?

"Usikasirike, Mama," alisema jikoni, akigeuzageuza kofia yake. "Roxana ndiye aliyetaka."

"Na wewe?"

"Zako zinatisha, Mama. Huyu ni mtoto."

"Mauti nayo haitishi?"

Akavaa kofia, akatoka.

Jiwe liliposimamishwa tulikwenda wote baada ya ibada. Mimi nilikwenda kutafuta kosa, na nikalipata upesi. Hakuna hukumu, hakuna ufufuo, hata jina la Bwana halimo. Kulikuwa na ule mti wa nyuma ya nyumba tunaoutoboa kila mwaka kukinga maji yake matamu ya kupikia sukari, na Lovina akiuomba udondoshe majani polepole, kwa kuwa aliyeyakimbiza amelala. Basi. Nikafumbua kinywa nimwambie kwamba miti haina masikio.

Hapo Roxana akalia. Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi. Alikanda unga, akatandika kile kitanda kidogo kila asubuhi, macho makavu. Machozi hayo nilikuwa nimeyaomba kwa Mungu hadi magoti yakaniuma. Sasa yalimjia kwa maneno ya mwingine, naye akamwangukia Lovina kifuani.

"Umemwona, dada," alisema. "Umemwona Electa wangu."

Na mimi niliyemfunga viatu, sikumwona?

Upepo ulikuwa mkali. Shali ya Roxana ikateleza begani, ikaanguka kwenye majani. Nikaiokota, nikaikung'uta, nikasimama nayo nyuma yao, nikingoja mmoja wao ageuke.