Ngozi ya Rangi
…na ni hii nzito, Kavetsa alikuwa ameshaamua, mashine ya polishi unayoishika ukajua kweli umeshika chuma, siyo ile ndogo inayotetemeka kama mtu mwenye malaria, lakini Farah mwenye duka ameiwasha hiyo nzito, ameigusisha kwenye mlango wa gari kuukuu uliolazwa mezani, kidogo tu, na pale palipokuwa pekundu pamebaki bati tupu, kama goti la mtoto aliyeanguka, uuwi, mkono wa Kavetsa uko mdomoni, na Farah anasema, umeona, Mama, hii inazunguka mahali pamoja, inashika moto, inataka mkono uliozoea, juu ya rangi kuna ngozi nyembamba, hiyo ndiyo inang'aa, ukiimaliza hairudi, hii ndogo inazunguka huku ikitikisika, inachelewa lakini haichomi, na Linet, mjukuu wake anayefungua kazi ya kuosha magari Kapseret Jumatatu, anamcheka nyanya yake, Guku alitaka nichune gari la pasta wa kanisa siku ya kwanza!… ngozi, amesema ngozi, nani aliwahi kumwambia rangi ina ngozi, yeye aliyesugua pikapu ya marehemu mume wake, Mulongo, kila Jumamosi kwa jivu na stilwaya ya kusugulia sufuria, vile mama mkwe alimfundisha, bibi wa mtu anajulikana kwa sufuria zake, zianikwe juani mpaka jirani afumbe macho, na kama sufuria inatakata kwa jivu, gari lingekataaje, alisugua boneti mpaka mabega yakauma, ikafifia, akasema ni jua, akaongeza jivu, akasimama kando, Mulongo, si imetakata? na Mulongo akakohoa kwanza, vile alikuwa, imetakata, Kavetsa… halafu ile pikapu ikaenda Soy kupakwa rangi upya, na tangu siku hiyo Mulongo akawa anaamka alfajiri na ndoo, Kavetsa, wewe pumzika, nimeshaiosha, na yeye kitandani akiwaza, mwanaume anayeosha gari kabla hakujapambazuka anaenda kwa nani, mpaka akamuuliza mbele ya dada zake, ni mwanamke gani huyo unamng'arishia gari? na Mulongo akainamisha kichwa, hakuna mwanamke, ni vumbi tu, na Kavetsa akamnunia mwaka mzima, chai anaiweka mezani bila neno… alijua, Mungu wangu, fundi wa Soy alimwambia, lazima alimwambia kama huyu Farah anavyosema sasa, akajua ni mikono ya nani, na akakubali dada zake wamwone mzinzi, mzee wa kanisa mzima, kuliko amwaibishe yeye na jivu lake… Mama, nikufungie ipi? Farah ameuliza tena, Guku, uko sawa? Linet anamshika kiwiko, na Kavetsa analikazia macho lile bati tupu, anatafuta maneno, ile ndogo, mwanangu, ile isiyochoma, ni maneno machache tu, lakini neno linalompanda kooni ni pole, na wa kuambiwa pole hayuko dukani.