Siku Loretta Alipomsuta Dickinson

Kila Julai, kuku na madonge ya unga yakishaliwa hadi mifupa, ukumbi wa zimamoto wa mji wetu hugeuka mahakama. Mshitakiwa ni yuleyule: John Dickinson, mtu wetu wa Delaware, aliyekataa kutia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Alikuwa mwoga au mwenye busara? Wasemaji hawachagui upande. Unatumbukiza mkono ndani ya kofia ya zimamoto. Ukitoa harage jeupe unamtetea, jekundu unamshambulia.

Loretta Pettyjohn alikuwa amemtetea Dickinson maisha yake yote, hata akiwa peke yake jikoni. Mwaka huu akatoa jekundu. Harlan Wilgus, fundi wa matrekta aliyezoea kumwita Dickinson kuku kwa woga wake, akatoa jeupe. Watu wakaangua kicheko hadi vikombe vikapinduka.

Loretta alicheka kidogo tu. Harlan alikuwa akimposa kwa miaka mitatu sasa, naye kila mara humjibu "ngoja kwanza." Asubuhi ile mzee huyo alikuwa amemjia juu: "Leo ndiyo mwisho, Loretta. Ukisema ngoja tena, nahamia Ohio kwa binti yangu." Loretta alimpenda, tena sana. Ila alishazika mume mmoja, na wazo la kuzika wa pili lilimtia baridi.

"Haya, mama, mrarue!" akasema Truitt, mkuu wa zimamoto.

Loretta akasimama. "Jamani, huyu bwana hakuwa mjinga. Uhuru aliutaka! Lakini siku ya kura akakaa pembeni. Eti bado mapema. Mapema mpaka lini? Mpaka meno yatutoke?"

"Mwambie!"

"Hata Katiba, miaka kumi na moja baadaye, aliumwa akaondoka, akamwomba mwenzake amtilie sahihi! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kitu unakipenda, unakitaka, kiko mbele yako. Weka jina lako, basi!"

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Anayesutwa alikuwa Dickinson, lakini uso uliowaka moto ulikuwa wake mwenyewe. Akaona aibu, kisha akaona raha, raha ya kitoto kabisa. Uamuzi ukawa umeshafika. Akamtazama Harlan na kumtabasamia, lakini Harlan alikuwa akijitafuna mdomo na kupanga hoja, hana habari.

"Ndugu zangu," Harlan akaanza, kifua mbele, "mwoga gani anakataa sahihi halafu anakwenda vitani pamoja na wanamgambo wake? Alijua atachukiwa, akakataa vilevile! Kutia sahihi huku wenzako wote wanashangilia, hata kondoo ataweza. Haraka haraka haina baraka. Jambo kubwa halikimbiliwi! Mtu akikwambia ngoja, mheshimu. Akikwambia ngoja tena, mheshimu zaidi!"

Meza zilipigwa ngumi, mikono ikainuliwa kupiga kura, Harlan akashinda kwa mbali. Kabla ya hapo hakuwahi kushinda hata mara moja. Akamwendea Loretta huku anacheza.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, na umenishawishi. Basi ngoja."

"Ningoje nini?"

"Mimi. Niliposimama pale nilishakukubali moyoni, we bwege, nilitaka nikwambie mbele za watu. Lakini umeeleza vizuri mno. Jambo kubwa halikimbiliwi."

Rangi ikamtoka Harlan. Akarukia juu ya benchi. "Jamani, rudieni kura! Dickinson alikuwa mwoga! Kuku! Bata! Kila nilichosema nimekifuta!"

"Kura haifutwi," Truitt akajibu, akikomba mchuzi uliobaki.

"Basi chukueni ushindi wenu!"

Loretta alicheka hadi akashika meza asidondoke. Machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Benchi lilikuwa linayumba, na mzee yule juu yake alikuwa bado anapunga mikono.

"Ukinifia, Harlan Wilgus, nitakuua."

Harlan akashusha mikono. "Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Sasa shuka hapo kabla hujavunja shingo."