Maji ya Kilimani

Mfereji ulikohoa, ukatema upepo, ukanyamaza.

Rodah aliufunga, akaufungua tena, akaupiga kofi kama anayemwamsha mlevi. Nyuma yake wanawake ambao saa hizo wangekuwa wanachuma majani chai walisimama na mitungi mitupu, wakimtazama yeye. Yeye ndiye mwenyekiti wa mradi wa maji. Maji yakija, anashukuriwa Mungu. Yakikosekana, anaulizwa Rodah.

Chemchemi ilikuwa juu kilimani, na tangi la mawe lililokuwa chini yake walilijenga wenyewe, mawe wakiyabeba mgongoni. Rodah hakuanza mradi ule kutafuta sifa. Nelvine, mke wa mwanawe Kiptum, alikuwa amepoteza mimba ya kwanza kwenye mteremko wa mtoni, mtungi ukiwa mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Siku hiyo Rodah aliapa kwamba hakuna mja mzito wa nyumba yake atakayeshuka tena kule bondeni. Sasa Nelvine alikuwa na mimba nyingine, kubwa, ya kupumulia mdomoni, na mfereji ulikuwa mbele ya nyumba. Ulikuwa.

Kisha likaja bomba kubwa la wilaya mbili, kutoka Kapkatet hadi huko Chepilat, na pamoja nalo fundi wa maji aliyeitwa Robert. Alikuja na habari tamu. Bomba kubwa litaunganishwa na tangi lao, mradi wao upate nguvu, wasahau kiangazi. Wao wachimbe mtaro tu. Wakachimba. Waligawana mtaro kama wanavyogawana mistari ya chai, kila nyumba na kipande chake, na Rodah alipomaliza chake alichimba na cha Nelvine, ili msichana asiiname. Katika jasho lote lile hakuna aliyeuliza maji yatapita kwenda wapi. Mtu akibisha hodi akisema amekuja kukusaidia, utamkagua kuona kama amekuja na bakuli tupu?

Rodah alipanda kilimani, hasira ikimpandisha haraka kuliko miguu. Robert alikuwa ameketi juu ya tangi, na Chifu Kipkemoi amesimama kando, suti yake ya sherehe imemkaba shingoni.

"Bwana Robert, maji imeenda wapi?"

"Haijaenda mbali, mama. Imeingia kwa bomba kubwa."

"Si ulisema bomba kubwa italetea sisi?"

Robert alifuta mikono kwenye suruali. "Pampu ya mtoni bado haijafika. Na mgeni wa heshima anafungua mradi leo. Sasa miradi ndogo inasaidia kubwa kidogo, halafu baadaye kubwa inasaidia ndogo. Ni kusaidiana tu."

"Fungulia sisi."

Fundi alimwonyesha kufuli kwenye valvu. "Funguo iko ofisini."

"Mama Kiptum," Chifu aliingilia, kwa ile sauti ya upole ambayo watu walikuwa wameshajifunza kuiogopa, "mwaka huu ni wa uchaguzi. Usiniharibie. Wewe utampatia mgeni kibuyu cha kwanza cha maji pale sokoni. Na chai ya wageni inataka maji, kwa hivyo kila boma ilete mtungi mmoja kutoka mtoni."

"Kwangu kuna mja mzito."

"Kila boma, nimesema."

Rodah alirudi nyumbani akavaa leso ya kikundi cha mradi. Alimwambia Nelvine asitoke, hata aje nani.

"Na askari wa Chifu wakikuja, mama?"

"Waambie wanitafute mimi huko sokoni."

Aliamini kabisa kwamba hayo yangetosha.

Sokoni waliimba mpaka koo zikakauka. Mgeni wa heshima alifika amechelewa, akahutubia kwa muda mrefu, kisha akafungua mfereji uliofungwa utepe. Maji yakaruka, meupe, yenye nguvu. Watu wakapiga vigelegele. Rodah alikinga kibuyu, na kabla hajakikabidhi alionja. Aliyajua. Yalikuwa na ile ladha ya mawe na majani iliyokuwa kinywani mwake tangu alipoolewa.

"Mheshimiwa," alisema, "hii maji ni yetu, ya kule juu."

Mgeni alicheka kwa furaha, akamshika bega, akawageukia watu. "Mmesikia mama? Anasema maji ni yetu! Yetu sisi sote!"

Makofi yalivuma. Rodah aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Makofi hayajaisha, jirani yake Nyabate alijipenyeza katikati ya watu, gauni limejaa matope.

"Rodah, twende. Nelvine ameanguka mtoni."

"Nilimwambia asitoke!"

"Askari walimtoa. Walisema wewe mwenyewe umekubali."

Rodah alimkimbilia Chifu, akamwomba gari moja tu kati ya yale mengi yaliyojipanga pale. Chifu alimnong'oneza bila kumtazama, tabasamu bado liko usoni. "Gari ni za wageni. Ngoja wakunywe chai."

Ondieki, dereva wa lori la majani chai, ndiye aliyewachukua, akaelekea nao mtoni. Hakuuliza mengi. Alimlaza Nelvine juu ya magunia ya majani mabichi, na Rodah akampakata kichwa njia nzima. Damu ilipenya magunia. Nelvine alikuwa akirudia neno moja tu, "Nisamehe, mama," na kila alipolisema Rodah alitamani dunia ipasuke.

Hospitalini mtoto alitolewa kimya. Alikuwa mvulana, nywele nyingi, kila kitu mahali pake. Nelvine aliokolewa, akalazwa, akaugeukia ukuta.

Muuguzi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Nyamoita, alimwita Rodah kwenye chumba kidogo wamwoshe mtoto pamoja kabla ya kumfunga shuka. Alikuwa na mikono ya huruma. Aliweka beseni kwenye sinki, akafungua mfereji. Maji yakamwagika, meupe, yenye nguvu.

"Pole sana, mama," alisema. "Angalau maji iko. Hii project mpya imetuokoa. Wiki iliyopita tungekuambia ukuje na maji yako kutoka nyumbani."

Rodah alikinga kiganja, akaonja. Kisha akaanza kumwosha mjukuu wake, uso kwanza.

"Hata leo nimekuja nayo," alisema.

Muuguzi hakumwelewa. Alimpa sabuni.