Kiwiko cha Mwanangu

Mwanangu akisema uongo hukuna kiwiko. Ni kile cha kushoto, na hukikuna polepole, kama mtu anayebembeleza paka. Alianza akiwa na miaka minne, alipomaliza sukari ya kopo zima akaniambia ni panya. Sijawahi kumwambia kwamba ninajua. Mama naye anahitaji akiba yake.

Kwa hiyo Jumatatu ile, ofisini kwa afisa uangalizi, sikuwa naangalia uso wake. Nilikuwa naangalia mkono.

Mwanangu ana mwandiko mzuri kupita kiasi, na huo ndio uliotuponza. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi, chini ya jengo la manjano lililo jirani na hospitali, na hapo akajifunza kuiga sahihi za watu na kuchonga mihuri. Vyeti, barua za likizo, barua za daktari. Walipomkamata alikaa ndani miezi minane, kisha hakimu akamruhusu amalizie nje muda uliobaki. Masharti yalikuwa matatu. Afue mashuka ya hospitali siku tano kwa wiki. Asikanyage tena jengo la manjano. Na simu aliyopewa isiachane na mwili wake, wala isizime.

Simu hiyo ilikuwa inapeleka habari kwenye mashine, na mashine inapima: amekwenda wapi, amechelewa wapi, anatengemaa au anaharibika. Mdogo wangu aliposikia kwamba ni akili bandia, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kafungwa kwa vitu bandia," akasema, "sasa analindwa na akili bandia. Serikali nayo ina utani." Mimi nilisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tuvumilie.

Tulikuwa na mtu wa kuvumilia kwa ajili yake. Mjukuu wangu ana miaka saba. Mama yake alipotoka ndani, mtoto alimwamkia kama anavyoamkia wageni, akarudi kukaa nyuma ya sketi yangu. Ilichukua wiki tano. Jumapili, siku moja tu kabla ya kuitwa ofisini, ndipo alipokubali kwa mara ya kwanza kukaa katikati ya magoti ya mama yake asukwe nywele. Mistari sita. Kwenye wa tano akasinzia, na mwanangu akabaki ameshika kitana hewani, hataki kujitikisa.

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja. Kiti cha wageni kilikuwa kinayumba, akanipa chake, yeye akakaa kwenye kinachoyumba. Hilo niliweka moyoni. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili na sisi tuone, akisema mtu ana haki ya kuona anachosemewa. Jina la mwanangu lilikuwa na alama nyekundu. Mara sita katika wiki mbili, kati ya saa sita na saa saba mchana, simu ilikuwa kwenye jengo la manjano. Mashine ilikuwa inapendekeza arudishwe ndani.

"Sijakanyaga pale," mwanangu akasema. Mkono umetulia.

"Na simu ulikuwa nayo muda wote?"

"Nilikuwa nayo."

Mkono ukaenda kwenye kiwiko.

Nilihisi kiti kizuri kile kinanichoma. Afisa akafungua nakala ya kitabu cha mahudhurio cha hospitali. Siku zote sita mwanangu alikuwa ameandikwa yupo, na msimamizi wa chumba cha kufulia ametia sahihi. Afisa aliitazama sahihi ile kwa muda mrefu, na nilijua anawaza nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nawaza hicho hicho. Akasema amempigia simu msimamizi. Huyo alijibu kwamba binti alikuwepo, lakini alipoulizwa habari ya simu akasema mashine za kufulia zina kelele, hasikii, akakata.

Afisa akavua miwani. Alituambia kwamba alama nyekundu peke yake haimrudishi mtu ndani. Mashine inapendekeza, anayetia sahihi ni yeye, na hatii sahihi kabla hajasikiliza na kujionea. Turudi Ijumaa saa nne. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kama kuna jambo unalijua, lilete. Hata likiwa dogo."

Nilikuwa nalijua. Nilikuwa najua kiwiko.

Nyumbani nilimuuliza mwanangu mara moja tu. Akaniangalia, akasema, "Mama, hata wewe?" Alipokwenda kuoga nilipekua mifuko ya sare yake nikitafuta wino. Nilinusa mikono ya koti. Ilinuka sabuni tu, lakini mwenye shaka hashibi, nikajiambia sabuni ndiyo inayotoa wino. Siku za mwizi arobaini, nikawaza, nikaona aibu kwamba nimemuwazia hivyo mtoto niliyemzaa.

Jumatano nikamfuata.

Nilimwacha atangulie, nikavaa kitambaa cha kichwani ambacho hakijui. Mlinzi wa hospitali akauliza mgonjwa wangu yuko wodi gani. Nikamwambia nitamjua nikimwona. Akacheka, akanifungulia, akanionyesha na benchi lenye kivuli. Sikumwambia kwamba kutoka benchi lile unaona dirisha la chumba cha kufulia.

Na nilimwona. Amevaa mabuti ya mpira na aproni, anakunja mashuka na mwenzake, huyu ncha hii, yule ncha ile, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Jasho lilikuwa linamtoka. Asubuhi yote hakukaa chini.

Saa sita ikakaribia. Akaingia mwanamke mnene, mrefu, mwenye funguo kiunoni, ambaye wote walimwita Kamanda. Msimamizi ndiye huyu. Mwanangu akatoa simu kwenye aproni, akampa, wala hawakusemezana. Kamanda akaitia kifuani ndani ya gauni na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Niliinuka. Magoti yangu si ya kufuatilia watu, lakini siku hiyo yalinisaidia. Kamanda akavuka barabara, akapita duka la dawa, akafika jengo la manjano, akaingia. Kumbe ni wawili, nikasema. Mmoja anakunja mashuka ili aonekane, mwingine anapeleka kazi. Na sahihi za kitabuni zikapata maana yake.

Nilifika mlangoni nikichungulia kama mwizi. Upande wa kulia kulikuwa na fotokopi. Kamanda hakuwa huko. Alikuwa upande wa kushoto, kwenye kibanda cha fundi anayechaji simu, amekaa kwenye kigoda kidogo kisichomfaa. Simu ya mwanangu ilikuwa imechomekwa kwenye ubao wa soketi pamoja na nyingine kama ishirini, kila moja na namba yake. Kamanda alikuwa anakula mkate mkavu na kuitazama ile moja tu. Mtu akiukaribia ubao, anaweka mkono mbele yake, kama anayezuia mtoto asianguke kitandani.

Nilisimama pale nikamwangalia hadi akaumaliza mkate. Ndipo nikamwambia mimi ni nani.

Hakushtuka sana. Alinipisha kigoda, akasimama yeye. Alisema simu ile ni kuukuu na ile programu inakunywa chaji kama ng'ombe, ikifika mchana iko ukingoni. Hospitali imekataza kuchaji simu chumba cha kufulia tangu waya ulipowaka moto. Binti angetoka mwenyewe angekuwa ametoroka kazi. Simu ikizima, amevunja sharti. Akimpa mtu mwingine, amevunja sharti pia.

"Nikaona bora tuvunje lile lisiloonekana," akasema. "Analia huyu kila chaji ikifika asilimia kumi. Anasema mtoto wake ndiyo kwanza ameanza kumzoea."

Niliuliza kwa nini hakumwambia afisa. Akasema ameogopa. Angesema, ingekuwa binti ameachia simu na yeye amemsaidia kufanya kosa. Nilipomwambia kwamba jengo hili ndilo alilokatazwa mwanangu, alishika kichwa. Hakuwa anajua. Alikuwa anakwenda kwenye soketi iliyo karibu, basi. Na mwanangu hakuwahi kuuliza simu inapelekwa wapi, na hata baada ya Jumatatu hakumwambia kitu, labda akihofia Kamanda ataacha kuibeba na simu itazima.

Sikumlazimisha aahidi chochote. Mtu aliyekutendea wema huwezi kumshika shati. Nilimwambia tu saa na siku.

Ijumaa saa nne Kamanda hakuwepo. Afisa alisubiri kidogo, akavuta fomu, akarudia swali lake kwa mwanangu. Simu ulikuwa nayo?

"Nilikuwa nayo," akasema, na mkono ukaanza safari.

Niliushika ule mkono kabla haujafika. "Hakuwa nayo," nikasema. "Yeye alikuwa anakunja mashuka, nimemwona kwa macho yangu. Simu ilikwenda kuchajiwa."

Afisa akauliza ilipelekwa na nani. Mwanangu akaniangalia kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Nilimwona afisa anavyonipima, na sikumlaumu. Mama wa mshtakiwa angesema nini kingine? Hapo mlango ukagongwa, akaingia Kamanda na mabuti yake, anahema, na daftari la shule mkononi.

Lilikuwa daftari la fundi wa chaji. Kila simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Afisa akaliweka pembeni ya kompyuta, akalinganisha mstari kwa mstari, mara sita. Kisha akamtazama mwanangu, akatazama daftari tena, akaleta karatasi karibu na pua. Mwandiko wa fundi yule ulikuwa mbaya kiasi kwamba hata mwanangu asingeweza kuuiga. Nadhani afisa naye aliona hivyo, maana alijizuia kucheka. Hata hivyo alichukua kofia, akaenda mwenyewe kibandani kwa miguu, akarudi baada ya nusu saa na vumbi viatuni.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kuandika kwa nini hakubaliani na mashine. Alijaza yote kwa mkono. Akasema atawauliza wenye mashine kama kuna wengine waliotiwa nyekundu kwa sababu ya kibanda kile kile. Hospitali ataiandikia, itengwe soketi moja. Lakini mwanangu alipewa onyo, na Kamanda akaambiwa barua itafika kwa mkubwa wake.

"Ungesema kweli Jumatatu tusingefika hapa," afisa akamwambia mwanangu.

"Ningesema, angeponzwa yeye."

"Mimi nimefua damu za watu miaka ishirini na miwili," Kamanda akasema. "Barua haiui."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi wawili. Mwanangu akauliza ilikuwaje nikamjua Kamanda, na ilikuwaje nikamwona akikunja mashuka.

Nikamwambia nilikwenda kumtazama mgonjwa, nikapotea njia.

Alisimama. Aliniangalia, si usoni, chini kidogo. Nami nikatazama alipokuwa anatazama, nikaukuta mkono wangu wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto.

"Mgonjwa alikuwa wodi gani, Mama?" akauliza.

Nilimwomba msamaha palepale barabarani. Alichukua mfuko wangu akaubeba, akapunguza mwendo ulingane na wangu, na tulipofika kwenye kona tukamwona mjukuu wangu amekaa kizingitini, kitana kiko mapajani, anatusubiri.