Jaketi Isiyo na Alama

Jioni, baada ya kukaanga samaki, Kavata alifuta cherehani, akaitia mafuta na kuisogeza mlangoni mwa kibanda chake, hapo ufuoni mwa bwawa la Masinga. Binti yake Wayua alipanda kutoka majini, akakamua sketi, akaketi kushona. Alikuwa amekufa maji tangu Pasaka. Maji yaliyomtiririka yalikuwa yanaharibu pedali, ndiyo sababu ya yale mafuta.

Alipokuwa hai, Wayua alishona jaketi za kuokolea maisha katika kiwanda kimoja huko Athi River, za kupelekwa ng'ambo. Pasaka alikuja nyumbani na wenzake wa kazini, wakapanda mashua ya matembezi wakamwone kiboko. Kiboko alipoibuka, wote walisimama upande mmoja wampige picha. Mashua ikapinduka. Wenzake waliishikilia, yeye mkono haukufika. Hakuna aliyekuwa amevaa jaketi, ingawa sheria inasema kila abiria avae, na Bartholomew, mwenye mashua, ameiandika sheria hiyo ubavuni mwa kila mashua kwa rangi nyekundu na herufi nzuri kabisa.

Jaketi zilikuwepo, tusimsingizie mtu. Ulikuwa mzigo mmoja kwa fuo zote za upande ule. Afisa wa ukaguzi alizikuta zimepangwa juu ya viti, kiti kwa jaketi. Alipoketi kula samaki, zilifungwa kwenye bodaboda zikamtangulia ufuo wa pili kwa njia ya mkato. Afisa huyo, Musili, alikuwa amezikagua kwa muda mrefu hata akaijua ile iliyoungua kwa pasi mgongoni. Alipoikuta mbele aliipigapiga bega, kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

Sasa Wayua alishona jaketi zake kwa magunia ya chakula cha samaki, ndani akajaza sponji ya godoro alilokuwa akilalia mwenyewe. Kila jaketi ilikuwa na kipimo chake, na kipimo kilikuwa cha mtu ambaye angeanguka majini. Watu walichelewa kulielewa hilo. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba. Kavata alimpelekea kijana mmoja wa Syokimau, mrefu na mwembamba, naye akacheka.

"Mathe, hii gunia si itaniharibia picha?"

Akazikwa kwao Jumamosi. Ya pili ilimfaa Mwalimu Muthoka wa Kathiani, ambaye hajawahi kukataa kitu cha bure. Mashua iliinama, mwalimu akaanguka, akaelea kama kibuyu mpaka wavuvi wakamvuta. Siku hiyo Kavata alilia kwa furaha mbele ya wateja, wala hakuona haya. Tangu hapo hakutaka kingine duniani ila kila jaketi imfikie mwenyewe.

Bartholomew hakupendezwa. "Mama Wayua, ambia msichana apumzike kidogo. Hii kushona yake inafukuza watu."

"Hata akiwa hai hakuwa ananisikia," Kavata alimjibu. "Jaribu wewe."

Bartholomew hakujaribu.

Jioni hiyo basi, Wayua alishona jaketi pana mbele, yenye mikanda mirefu ya kuzunguka tumbo. Kavata alifikiri ni ya mtu mnene. Alipoishika mbele yake akaona jinsi kitambaa kilivyokunjwa kwa upole ili kisibane, akaelewa, na moyo ukamshuka.

"Mwaitu, kesho usichelewe," Wayua alimwambia mama yake. Hakuwa msemaji sana siku hizi. Akarudi majini.

Kesho yake ilikuwa sikukuu, na pia siku ya ukaguzi. Afisa Musili alikagua jaketi, akala samaki, akaagiza mwingine. Mzigo ukaondoka na bodaboda. Wakati huo ndipo lilipofika gari kutoka Matuu, wakashuka Kiama na mkewe Shiru, wauzaji wa nguo za watoto, na mpiga picha wao. Shiru alikuwa na mimba kubwa na gauni refu jeupe. Walitaka picha za mimba juu ya maji.

Kavata aliacha samaki wakiungua.

"Mama, vaa hii," alisema. "Imeshonewa wewe."

Shiru hakuwa mtu wa maringo. Aliinua mikono akavalishwa. Mikanda ilifika pale ilipotakiwa kufika. Akajigeuza huku na huku, akacheka.

"Kiama, ona. Imenitosha kabisa. Hata haibani."

Titus, nahodha wa mashua, alimwona Shiru ndani ya ile jaketi, akaangalia chini. Alijua. Alijua pia kwamba akikataa kwenda, Bartholomew angemwita nahodha mwingine kabla hajamaliza kushuka.

Afisa Musili alikuja akifuta mikono. Akaifunua jaketi pindo, akatafuta, akaifunua tena.

"Hii haina alama ya ubora."

"Iko na sponji nzuri," Kavata alisema.

"Mama, kuvalisha abiria jaketi haina alama ni kosa. Sheria ni msumeno. Mimi sikuitunga."

"Sawa. Basi mpe moja ya zile ziko na alama."

Afisa alimtazama Bartholomew. Bartholomew alitazama barabara, ambako vumbi la bodaboda lilikuwa bado halijatua.

"Zimeenda kuoshwa," akasema.

"Usafi ni muhimu," afisa akasema. Akamvua Shiru ile jaketi kwa heshima, mkanda baada ya mkanda, akaenda kuitia nyuma ya gari lake.

"Afisa, huyu mama atazama leo," Kavata alisema. "Unajua. Hapa kila mtu anajua."

"Hapo sasa si sheria," Musili alisema. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalijaa maji. "Hapo siwezi kuandika kitu."

Kavata alimshika Shiru mkono, akamwambia yote. Kiama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akambandua vidole kimoja kimoja.

"Tumeombea hii safari, mama. Sisi ni watu wa kanisa."

Mashua iliondoka. Kavata alisimama kwenye matope na mikono yake mitupu, na hakujua aiweke wapi. Kiboko aliibuka pale anapoibukaga. Mpiga picha akasema waje upande huu wote, mwanga ni mzuri. Wavuvi walifika haraka, wakamtoa Kiama, wakamtoa Titus, wakamtoa mpiga picha na kamera yake. Afisa Musili alikuwa amekwisha fika ufuo wa pili, akiipigapiga bega ile jaketi iliyoungua kwa pasi.

Jioni Kavata alitia cherehani mafuta, akaisogeza mlangoni. Wayua alipanda kutoka majini akiwa amemshika Shiru mkono, kwa kuwa njia ina mawe na gauni lilikuwa linamkwaza. Kavata alimpa mgeni kiti na kikombe cha chai.

Shiru alikishika bila kunywa, mkono mwingine juu ya tumbo.

"Ile jaketi ilinitosha," alisema.

"Najua," Kavata akasema.

Wayua alirarua sponji iliyobaki katika godoro, akaomba uzi. Kavata akampa.